Kongwe Kuliko Zote

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, mapema kuliko tulivyotegemea, na paa la karakana limeanza kuvuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya fuawe, chuma ninachofulia. Nimetega sufuria. Binti yangu alininunulia daftari hili niandike oda za wateja, lakini oda zenyewe siku hizi za mwezi mzima zinaenea ukurasa mmoja, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Jana chama chetu cha wakusanya sarafu kilikutana. Chama ni neno kubwa, tuko wanne. Yuko Dereva, aliyeendesha malori miaka thelathini na kurudi kila safari na chenji za nchi za watu mfukoni. Yuko Nesi, mstaafu, anayekusanya sarafu zenye tundu katikati tu na hataki kuulizwa kwa nini. Niko mimi, sonara, niliyeachiwa karakana na mume wangu alipofariki. Na yuko Mwalimu, ambaye ndiye chama chenyewe. Ndiye anayeandika mihtasari, anayekumbuka tarehe, anayetukemea tukishika sarafu kwa vidole vyenye mafuta.

Mwalimu alikuja na habari. Maktaba imetupa meza kwa siku moja, Jumamosi ya tarehe 24 Mei. Kila mmoja ataleta sarafu kongwe kuliko zote alizonazo, pamoja na kadi aliyoiandika kwa mkono wake, na mtaalamu kutoka makumbusho atapita aseme machache juu ya kila moja. Dereva akasema basi sisi watatu tubaki nyumbani, kwani itakayotazamwa ni ya Mwalimu tu. Mwalimu akaona haya, akapangusa miwani. Yake ni ya fedha, ya Kirumi, ina kichwa cha mfalme upande mmoja na mwanamke aliyeshika mizani upande wa pili. Miaka elfu moja na mia nane. Inayofuata ni yangu ya shaba, na yangu haijafika hata miaka mia mbili na hamsini.

Wote walicheka. Mimi nilikuwa natazama chai yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu kaja kwa chai, kama kila Alhamisi tangu mke wake afariki. Huu ni mwaka wa sita. Nilimwonyesha kadi yangu. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni (yeye amestaafu, kalamu bado) akanikamata makosa matatu katika mistari minne. Nikamwuliza nimepata ngapi. Akasema sita juu ya kumi, na kati ya hizo mbili ni za chai.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hereni pea moja, mkufu mmoja wa kuunga.

Jumanne, 11 Machi

Sina wa kumwambia, kwa hiyo naandika. Sarafu ya Mwalimu si ya kweli.

Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza niliyoishika, miaka kumi na moja iliyopita, nilipokuwa ndiyo kwanza nimejiunga. Sarafu za kale zilipigwa. Kipande cha fedha kiliwekwa juu ya chuma chenye picha, kikagongwa kwa nyundo, picha ikaingia kwa nguvu. Hii ilisubiwa, yaani fedha iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, na kusubu ndiyo kazi inayonilisha. Kwa kioo cha kukuzia niliona vitundu vya hewa shingoni mwa mfalme. Ukingoni niliona mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, umesuguliwa kwa tupa na mtu mwenye haraka.

Niliinua uso niseme. Pembeni ya Mwalimu alikuwa amesimama mke wake, ameshika mkoba kwa mikono miwili, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Yeye ndiye aliyeinunua. Alikuwa akishona sare za shule, akaweka akiba kwa siri miaka miwili, akainunua kwa mchuuzi mmoja wa vitu vya kale ili ampe mumewe siku ya kustaafu.

Nikasema, "Ni nzuri sana."

Nilijipa moyo kwamba nitamweleza Mwalimu siku nyingine, akiwa peke yake. Kisha mkewe akaugua. Kisha akafa. Baada ya hapo ningeanzia wapi?

Alhamisi, 20 Machi

Nilipanga kusema leo. Mwalimu akaja na kopo la lami, akapanda ngazi kuziba paa. Aliziba vizuri kabisa juu ya fuawe, na maji yakahamia juu ya stuli anayokalia yeye. Alishuka ana lami kwenye nyusi. Tulicheka mpaka Mwalimu akaketi kwenye stuli iliyolowa, tukacheka upya. Mtu mwenye lami kwenye nyusi huwezi kumwambia jambo kama lile.

Jumamosi, 29 Machi

Binti yangu alipita akitoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Aliona vikombe viwili vimekaushwa, vimekaa peke yao kwenye rafu. Akaniuliza kama Mwalimu huwa anakuja kwa ajili ya chai. Nikamwambia ndiyo, chai.

"Mama," akasema, "chai hata kwake ipo."

Nikamwambia aende nyumbani kabla mvua haijazidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikusema.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikusema tena. Upepo ulivunja kioo kimoja cha dirisha la mbele, na tulishinda tukiziba kwa kadibodi. Angalau hiyo ni sababu. Wiki iliyopita sikuwa nayo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mwandiko huu Mwalimu angeupa sifuri.

Alikuja saa kumi kama kawaida. Hakukaa. Alisimama karibu na mizani, akaishika, akaiachia, akaishika tena. Nilidhani anaumwa. Kisha akaanza kwa sauti ile ya darasani, sauti anayoitumia akiwa na wasiwasi.

"Fundi, mimi ni mtu wa ratiba, unanijua. Nimeona Alhamisi moja kwa wiki hainitoshi."

Nikamwuliza kama anataka na Jumatatu.

"Nataka zote saba," akasema.

Nina miaka hamsini na tisa. Nilikuwa nimevaa aproni iliyoungua tumboni, nina masizi mpaka kwenye kiwiko. Sikumbuki nilikaa lini, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimekaa. Akaendelea haraka, kama aliyeogopa kukatizwa. Alisema hana watoto, hana mali, ana kabati tatu za vitabu na pensheni. Alikuwa amewaza sana anipe nini, akaona kitu chenye thamani alichonacho ni kimoja. Maonyesho yakiisha, ile sarafu itakuwa yangu.

"Marehemu angefurahi," akasema. "Alikupenda sana. Wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba ni nzuri. Siku ile alirudi nyumbani anaimba."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa ameshavua miwani na macho yake bila miwani ni kama ya mtu mwingine, mtu asiye na pa kujificha. Nikaona nikisema sasa, nitakuwa nimemjibu mambo mawili kwa mara moja, na atasikia moja tu.

Nikasema ndiyo. Ndiyo ile ilikuwa ya kweli. Naiandika hapa kwa sababu sijui kama nitakuja kuamini mwenyewe.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwambia binti yangu. Alicheka, akalia, akaniuliza nitavaa nini, akalia tena. Mvua kutwa nzima na sikuisikia.

Jumatano, 23 Aprili

Pete ya mteja nimeipima vibaya, nimeikata ndogo. Haijanitokea miaka ishirini. Nilikuwa naimba.

Alhamisi, 1 Mei

Leo nilikwenda mimi kwake, nimeazimia kabisa. Niliyapanga maneno njia nzima chini ya mwavuli.

Nilimkuta mezani anaandika kadi ya maonyesho, kwa wino, mara ya saba. Sita zilizotangulia zilikuwa zimepangwa pembeni kwa mpangilio, kila moja ina duara jekundu palipo na kosa. Anajisahihisha hata mwenyewe. Akanisomea. Mstari wa mwisho ulisema: *Nilipewa na mke wangu, fundi cherehani, aliyeilipia kwa sare mia nne na kumi.* Alikuwa amekokotoa kutoka kwenye daftari la zamani la ushonaji la marehemu, sare moja moja.

Akaniuliza kama neno "aliyeilipia" liko sawa. Nikasema liko sawa. Nikanywa maji, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda makumbusho. Mwalimu hajui.

Mtaalamu ni mtu mpole, wa umri wa binti yangu, anaongea polepole na hunawa mikono kabla ya kugusa chochote. Nilimweleza yote: vitundu, mstari wa ukingoni, mke, sare. Nilimwomba siku ile aipite tu ile sarafu, aseme ni nzuri, aende zake. Alifikiri. Akasema hawezi kusimama mbele ya watu akasema uongo kwa jina la makumbusho, lakini hatamwaibisha mzee wa watu. Atamwita pembeni, atamweleza kwa heshima, na hakuna atakayesikia.

Nilimshukuru mara nyingi mno. Nimerudi nimetua mzigo. Mtaalamu atasema, mimi nitakuwa karibu, nitamshika mkono.

Alhamisi, 22 Mei

Mwalimu kanyoa, kapiga pasi shati la Jumamosi siku mbili kabla, kalileta nilione. Alikunywa vikombe vitatu. Aliongea habari za tarehe ya kufunga ndoa, baada ya mvua kuisha, watu wachache.

Alipoondoka nilisimama mbele ya kioo nikajaribu uso nitakaouvaa keshokutwa. Uso wa mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Niliufanya vizuri. Nikaona aibu mpaka nikazima taa nikiwa bado nimesimama palepale.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeshindwa kuandika tangu mchana. Nijaribu kwa mpangilio.

Meza yetu ilikuwa karibu na mlango wa maktaba, imetandikwa kitambaa cheusi cha Nesi. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, nusu wamekuja kwa ajili yetu na nusu wanakwepa mvua. Miavuli ilichuruzika sakafuni. Sarafu ya Mwalimu ilikuwa katikati, juu ya kiboksi kidogo, na kadi yake mbele. Wanawake wawili waliisoma kadi na mmoja akafuta macho. Mwalimu alikuwa akiwaeleza wote waliofika, mikono nyuma, kama yuko mbele ya ubao.

Mtaalamu alifika saa tano. Aliitazama ya Dereva, akamsifu kwa kukumbuka aliipata kituo gani cha mafuta. Ya Nesi akasema hajawahi kuona tundu limetunzwa vile, na Nesi, ambaye hacheki, akacheka. Yangu akaisifu akasonga mbele bila kunitazama. Kisha ya Mwalimu. Aliishika muda mrefu. Akaigeuza ukingo. Akairudisha taratibu, akamwomba Mwalimu waongee kidogo kule nyuma kwenye magazeti.

Rafu za magazeti ziko wazi kwa chini. Niliona viatu vyao. Vya mtaalamu vilikuwa vinasogea huku na huku, vya mtu anayetafuta maneno. Vya Mwalimu vilitulia tu. Nikaanza kuuandaa uso wangu. Mara nikaona viatu vya Mwalimu vinageuka, taratibu, ncha zikanielekea mimi.

Alirudi, akasimama upande wa pili wa meza. Hakupandisha sauti.

"Tangu lini?" akauliza.

Ningeweza kusema tangu mwezi uliopita. Nilikuwa na uongo mzima mzima umelala ulimini. Nikamtazama nikashindwa.

"Tangu siku ya kwanza."

"Marehemu alikuwepo siku hiyo."

"Alikuwepo. Ndiyo maana."

Aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi amempa jibu alilolitegemea. "Ulimwonea huruma."

"Ndiyo."

"Na mimi ukanionea huruma, miaka kumi na moja." Akaichukua sarafu, akaitia mfukoni. Kadi akaikunja mara mbili, kwa makini, kona kwa kona. "Mimi nilidhani unanipenda."

Akatoka. Mvua ilikuwa inamwagika na mwavuli wake ulibaki umeegemea ukuta. Nilitaka kumfuata lakini Dereva, ambaye hakuelewa lolote, alikuwa amesimama mbele yangu ananiuliza mzee amepatwa na nini.

Mtaalamu alinifuata baadaye uso umemshuka. Alisema hakunitaja kwa nia mbaya. Mwalimu alipokuwa amekaa kimya sana, alitaka kumtia moyo, akamwambia ana bahati ya kuwa na rafiki aliyekuja mapema kumwombea asiaibike. Alidhani tulikuwa tumeshaongea. Sikumlaumu. Niliomba afiche sarafu, sikukumbuka kumwomba anifiche mimi. Tena ningemwombaje?

Watu waliendelea kuingia, na pale katikati ya meza palibaki wazi. Nesi akaona haipendezi. Akaichukua ya kwangu, akaiweka juu ya kile kiboksi. Ilikaa pale mpaka saa kumi, kongwe kuliko zote, na watu wakanipongeza.

Jumapili, 25 Mei

Mvua.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua. Binti yangu amelala hapa.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuja. Nilikuwa nimechemsha ya wawili.

Jumatatu, 2 Juni

Nilikwenda kwake kumpelekea mwavuli. Hakunifungia mlango, ingekuwa afadhali. Alinikaribisha, akanipa kiti kizuri, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani.

Nilimwomba radhi. Niliomba kwa kila namna ninayoijua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba suala si sarafu. Marehemu alidanganywa na mchuuzi, basi. Sare mia nne na kumi alizishona kweli, hizo hakuna wa kuzisubu. Hilo ameshalilia na limepita.

"Lakini nimekaa hapa siku tisa," akasema, "napitia Alhamisi moja moja. Nakumbuka nilisema hivi, ukaitikia. Nilisema vile, ukacheka. Zamani nilikuwa nazijua zote. Sasa kila nikiigusa moja, sijui kama siku hiyo ulikuwa unafurahi na mimi au unanivumilia."

Nikamwambia nilikuwa nafurahi. Zote.

"Na siku ile uliposema ndiyo?"

"Nilimaanisha ndiyo."

"Nitajuaje, Fundi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliniuliza kwa sababu alitaka kweli nimpe njia, na alisubiri, mikono magotini, akinitazama usoni kama anayetafuta mahali pa kushika. Nami nina vipimo vya fedha na vya dhahabu, nina asidi ya kujaribia na mizani inayopima mpaka punje. Nilikaa pale nikitafuta. Chai ikapoa. Mwisho akasimama, akasema mvua imepungua kidogo, niwahi.

Alhamisi, 5 Juni

Jua kidogo asubuhi. Nesi kapita kuniambia kwamba Mwalimu anahamia kwa mdogo wake, mji mwingine. Anafunga vitabu. Chama nacho, kasema, hajui kitakuwaje.

Jumanne, 10 Juni

Mvua imekwisha. Tope mtaani limeanza kupasuka.

Saa nne asubuhi mlango ukafunguka, akaingia Nesi amemshika Mwalimu kiwiko. Kasha la vitabu lilikuwa limemwangukia mkono wa kushoto jana. Kidole cha pete kilikuwa kimevimba, chekundu kuelekea zambarau, na pete ya ndoa yake imezama ndani ya nyama. Zahanati walijaribu sabuni, wakajaribu uzi, wakasema hii ni kazi ya sonara. Sonara mtaa huu ni mimi tu. Nesi akasema atasubiri nje.

Nilimkalisha karibu na dirisha penye mwanga. Nikapitisha kibati chembamba kati ya pete na ngozi, nikauweka mkono wake juu ya kitambaa, nikaanza kukata kwa msumeno ule mdogo. Kazi ile haitaki haraka. Lazima umshike mtu kiganja imara asitikisike, na mimi nilimshika. Miaka yote ile, chai zote zile, sikuwahi kumshika mkono. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na una joto. Nilikata polepole. Ningeweza kukata haraka zaidi, na kama anasoma nyuso za watu bado, aliliona hilo.

Nilimwuliza kama inauma. Akasema kidogo.

Pete ilipoachia nilitanua ncha zake kwa koleo, ikatoka. Damu ikarudi kidoleni, akafumba macho. Kulikuwa na alama nyeupe, laini kama ya mtoto, pale ilipokaa miaka arobaini. Nilitaka kuifunika kwa kidole changu. Nikaiweka ile pete kwenye mizani badala yake, bila sababu yoyote, nikaitoa.

"Inaungika," nikasema. "Haitaonekana hata ilipokatwa. Njoo Alhamisi."

Ilinitoka tu. Miaka sita mdomo huu umezoea neno hilo.

Mwalimu aliiangalia pete, akaichukua, akaitia mfuko wa shati.

"Alhamisi sitakuwepo," akasema. Kisha, alipofika mlangoni, bila kugeuka: "Asante, mama." Si Fundi.

Nesi akamshika kiwiko wakavuka barabara. Nilibaki na mkono wangu umekunjwa juu ya kitambaa kwa namna ileile niliyomshikia, na sikuukunjua mpaka mteja mwingine alipoingia.